Tezi Mbili za Bluu

Asubuhi baada ya upasuaji nilikojoa kijani. Muuguzi alikuwa amenionya, lakini kuonywa na kuona ni vitu viwili, na nilisimama chooni katika hospitali ile ya Kajiado nikitazama chini mpaka mgonjwa mwenzangu akagonga mlango kuuliza kama nimeanguka. Nilimwambia sijaanguka, nimegeuka tu kuwa kalamu. Akacheka. Nami nikacheka, huku nimeshika bandeji kifuani, maana siku hiyo bado nilikuwa na sababu ya kucheka.

Rangi ile ilikuwa ya kutafutia njia. Daktari wa upasuaji, mwanamume mpole aliyekuwa akitoka Nairobi kuja Kajiado kila Alhamisi ya pili, alikuwa amenichorea nyuma ya fomu. Uvimbe uko hapa, titi la kulia, upande wa nje. Kwamba ni saratani tulishajua, sindano ilishasema. Alichotaka kujua sasa ni kama imetoka nje ya titi. Ikitoka hupitia kwapani, alisema, na kwapani kuna tezi nyingi ndogo, ila moja au mbili ndizo za kwanza kupokea chochote kinachotoka kwenye titi. Angenidunga rangi ya bluu karibu na chuchu, asugue kidogo, na rangi ingekimbilia tezi hizo za kwanza. Angezikata hizo peke yake na kuzipeleka maabara. Zikiwa safi, basi zilizo nyuma yake kuna uwezekano mkubwa ni safi pia, na kwapa langu lingeachwa lilivyo. Zikiwa na ugonjwa, mpango wote ungebadilika.

"Kwa nini usitoe zote mara moja tumalizane?" nilimuuliza. Sipendi kazi ya kurudiarudia.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Fundi wa nguo."

"Basi huo mkono tunauhitaji. Nikitoa zote, maji ya mkono yanakosa njia. Unaweza kukaa umevimba maisha yako yote."

Nashona Kitengela, sare za shule na majoho ya kwaya. Kitambaa cha sweta unaweza kukichezea, lakini kitambaa cha suruali za shule, ukikipanga tabaka nane na kuingiza mkasi, unakata kwa bega. Mkono wangu wa kulia ndio uliomfikisha binti yangu kidato cha tatu. Kwa hiyo katika ugonjwa huu wote nilikuwa na haja moja ninayoweza kuitaja: nijue tezi hizo za kwanza zinasema nini. Niliziombea, moja au mbili, hata kabla hazijatolewa.

Aliyenisindikiza ni dada yangu. Mume wangu anafanya kazi Magadi na huja nyumbani mwisho wa mwezi akiwa amekauka kwa joto la huko, lakini hata angekuwepo, ningeenda na dada. Mama yetu alifariki kwa ugonjwa huu huu kule Makueni nikiwa na miaka sita. Dada alikuwa na kumi na saba. Yeye ndiye aliyenisuka nywele za kwenda shule, yeye ndiye aliyenieleza mambo ya mwezi, na ndiye aliyenivuta Kitengela alipopata kazi ya kuwapikia wakata mawe kwenye machimbo. Kanisani ni shemasi. Ni mtu wa maneno machache. Akisema atafanya jambo, wewe nenda ukalale.

Hospitali ile haikuwa na maabara ya kusoma nyama. Utaratibu wake, kama hospitali nyingi za huku kwetu, ni kwamba kilichokatwa hukabidhiwa watu wa mgonjwa, wakipeleke wenyewe Nairobi. Nilipozinduka nilimkuta dada ameketi kando ya kitanda, ameshika mfuko wa karatasi mapajani kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na chupa mbili za plastiki na fomu mbili. Chupa kubwa ilikuwa na uvimbe. Ile ndogo aliinyanyua nione. Ilikuwa na maji ya dawa, na ndani ya maji vitu viwili vya bluu, kila kimoja kama punje ya haragwe. Juu kulikuwa na stika yenye jina langu na maneno "kwapa, kulia" kwa mwandiko wa muuguzi.

"Ndizo hizi?" nikauliza.

"Ndizo hizi."

"Peleka leo. Usipitie popote."

"Kwani nitapitia wapi?" akasema, akasimama akaenda.

Wiki mbili baadaye aliniletea bahasha. Uvimbe ulikuwa umetoka wote, kingo zake safi. Tulipiga magoti sebuleni kwangu, yeye akaomba kwa Kikamba, nami nikalia kwa furaha. Nilipofuta machozi nikauliza ya pili iko wapi.

"Ya tezi bado. Wanasema mashine iliharibika."

Sikushuku. Kwa nini nishuku? Mashine za nchi hii huharibika kila siku. Alhamisi ilipofika tulienda Kajiado, daktari akauliza, dada akajibu kabla yangu kwamba bado. Daktari alikunja uso akasema tusikawie, maana matibabu yanayofuata yanangoja jibu hilo. Siku kumi zikapita. Kila jioni nilimpigia dada simu, na kila jioni alikuwa na neno jipya: wamesema Jumatano, wamesema mtaalamu amesafiri, wamesema wanarudia ili wawe na hakika. Nilimhurumia. Nilidhani anahangaishwa kwa ajili yangu.

Mwishowe nilipiga simu mwenyewe. Nambari ilikuwa juu ya ripoti ya kwanza. Msichana aliyepokea aliniomba nisubiri, akapekua, akarudi akasema wana chupa moja tu kwa jina langu na wameshaijibu.

"Zilikuwa mbili."

"Tulipokea moja, madam. Na fomu moja."

Nilimtukana yule msichana wa watu. Nasema hivi kwa aibu. Nilimwambia wameipoteza, sasa wanajificha nyuma ya kompyuta. Nilimwambia aliyeleta chupa zile si mtu wa kuokotwa barabarani, ni dada yangu, tumbo moja, na dada yangu hajawahi kupoteza hata sindano. Akasema, "Pole, mama," nami nikamkatia simu. Nilifunga duka saa tisa mchana, siku ya Jumamosi yenye wateja, nikatembea hadi kwa dada kumwambia ajiandae, Jumatatu tunaenda Nairobi kuwasha moto.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akianika nguo. Akasema niweke chai, anakuja. Jikoni kwake nakujua kama kwangu. Nilifungua kabati kutafuta tangawizi. Dada hatupi chupa yenye kifuniko kizuri. Anazo za iliki, za mdalasini, za dawa za kikohozi zilizokwisha miaka iliyopita. Katikati yao kulikuwa na moja ndogo, tupu, imeoshwa ikang'aa. Stika ilikuwa imebanduka nusu. Wino ulikuwa umetawanyika kwa maji, lakini jina langu lilisomeka, na chini yake "kwapa, kulia".

Nilitoka nayo nje. Sikupiga kelele. Niliinyanyua tu aione. Alikuwa na shuka mkononi na hakuiweka chini.

"Hii ilikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Unajua ilikuwa na nini."

"Ziko wapi?"

"Nilizika." Akaonyesha kwa kidevu, kwenye mchicha kando ya ukuta. "Nilimwaga hiyo dawa kwanza, ilikuwa inanichoma macho. Nikaziosha. Nikazifunga na kitambaa safi, nikaomba."

"Kwa nini?"

"Mtoto wa mama, uvimbe si umetoka? Si karatasi imesema umetoka wote? Sasa hizo zingine za nini? Daktari alisema zikiwa na ugonjwa kila kitu inabadilika. Nilikuwa hapo, nilisikia."

"Kwa hivyo ukaamua zisisomwe."

"Kisiposomwa, hakuna mtu wa kukuambia."

Niliingia stoo nikachukua jembe. Nililishika kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa nilikuwa nakata mchicha hovyo aliniondolea, akachimba mwenyewe, taratibu, mahali hasa. Sijui nilikuwa nataka nini. Nadhani kichwani bado nilikuwa nawaona wale wa maabara wakizipokea, hata zikiwa na udongo. Alitoa kitambaa cheupe kilichokuwa sasa rangi ya ardhi. Alikifungua juu ya kiganja. Mlikuwa na sisimizi, na mlikuwa na doa la bluu lililobaki kwenye nyuzi. Hakukuwa na kitu kingine.

"Hata kama ni kutupa," nilimwambia, na sauti yangu ikaanza kupanda, "si ungetupa tu? Haya ya kuzika na kuomba ni ya nini?"

"Singeweza kukutupa kwa choo," akasema.

Hapo ndipo aliponiambia habari ambayo sikuwahi kuisikia miaka yote hiyo. Kipande kilichokatwa kwenye titi la mama ni yeye aliyekipeleka hospitali ya wilaya, na barua ya majibu ni yeye aliyepewa. Mama hakujua kusoma. Dada alimsomea jikoni, neno kwa neno, kama alivyofundishwa shuleni, pamoja na lile neno la kusambaa. Siku hiyo, alisema, mama alikuwa ametoka kuchota maji mwenyewe. Kesho yake hakutoka kitandani, wala keshokutwa. "Watu wanasema ni ugonjwa," dada akasema. "Mimi nilikuwa naye. Ni hiyo barua, na mimi ndio nilisoma. Ya pili sisomi."

Nilimhurumia yule msichana wa miaka kumi na saba, na ninamhurumia hata leo. Lakini mbele yangu hakuwa amesimama msichana. Alikuwa mwanamke mzima ambaye kwa zaidi ya siku kumi alikuwa akinipa habari za mashine iliyoharibika. Hakuna aliyemwomba asome. Nilimwomba abebe. Kusoma kulikuwa kwangu.

Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ningekuuliza, ungekataa." Nikamwambia ndiyo, ningekataa, na ndiyo maana hakuniuliza.

Nikiwa njiani nilimpigia mume wangu Magadi. Nilimweleza kwa pumzi moja, nikitegemea aruke, alaani, aseme anakuja. Alikaa kimya muda mrefu kuliko mtu anayesikia jambo mara ya kwanza.

"Ulijua," nikasema.

"Aliniambia juzi juzi. Alikuwa analia. Nilidhani atakuambia yeye mwenyewe."

"Na asingeniambia?"

"Nilitaka upate nguvu kwanza," akasema. Kila mtu alikuwa akinitafutia nguvu, na kwa kazi hiyo wote walikuwa wamekubaliana bila mimi. Nilikaa kwenye jiwe la mtu nje ya ploti inayojengwa, simu sikioni, nikahisi usaliti ambao ugonjwa wenyewe haukuwahi kunifanyia. Ugonjwa haukuwahi kuniahidi chochote.

Daktari nilimwendea peke yangu. Nilimweleza yote, hata kitambaa, maana sikuwa na nguvu ya kutunga hadithi ya heshima. Hakukemea. Alivua miwani, akaifuta kwa koti muda mrefu, akaivaa tena. Niliuliza kama anaweza kudunga rangi upya, atafute nyingine.

"Njia tulishazikata," alisema. "Rangi ikienda sasa, siwezi kuiamini. Na zile za kwanza ndizo zilizokuwa na jibu."

Alinipa njia alizoona zimebaki. Tungeweza kuchoma kwapa kwa mionzi bila kujua, au angeweza kufanya lile aliloliepuka mwanzoni, atoe tezi zote zilizobaki na kuzisoma. Hakunisukuma. Nilichagua kutoa, kwa sababu nilikuwa nimechoka na watu wanaochagua kutokujua.

Safari hii chupa niliikabidhi kwa mikono yangu mwenyewe. Siku ya tatu baada ya kushonwa, na mrija wa kutolea maji ya kidonda ukining'inia chini ya blauzi, nilienda hadi Nairobi, nikasimama dirishani mpaka wakanipigia mhuri. Msichana wa dirishani alikuwa na sauti ile ya simu. Nilimwomba msamaha. Alisema hanikumbuki, hutukanwa na wengi.

Mkono ulianza kuvimba mwezi wa pili baada ya upasuaji huo. Kwanza pete haikuingia. Kisha mkono wa blauzi, niliyoipima na kuishona mwenyewe, ukanibana juu ya kiwiko. Nikajipima kwa tepu, kulia na kushoto, kama ninavyompima mteja, na tofauti ilikuwa vidole viwili. Mtaalamu wa viungo alinifundisha kuukanda na kuufunga bandeji, na akanikataza kunyanyua mizigo na kukata kitambaa kizito. Sare za shule nilimwachia fundi wa jirani. Nilibaki na majoho ya kwaya, kitambaa chepesi, kazi ya kurekebisha pindo na zipu.

Dada hakukoma kuja. Asubuhi alileta uji, akafua, akapiga deki, akanifunga ile bandeji vizuri kuliko nilivyojifunga mimi. Sikumfukuza, kwa sababu mkono mmoja haujifungi vizuri, na kwa sababu sikujua kumfukuza mtu aliyenilea kunafanywaje. Hatukuzungumza zaidi ya yaliyohitajika. Kanisani wanawake walinishika bega na kuniambia nimebarikiwa kuwa na dada kama yule, wao hawana. Nilisema amina. Hilo lilinichosha kuliko mkono.

Majibu yalikawia kupita ya kwanza, na siku yalipotoka alisisitiza kuja. Daktari alitufungulia karatasi mezani: tezi kumi na nne zimesomwa, zote kumi na nne safi. Dada alishuka kwenye kiti akapiga magoti pale pale sakafuni, akainua mikono, akalia. Kisha akanigeukia, uso wote umefunguka, akasema, "Nilikuambia! Si nilikuambia?"

Nilimwomba atupishe kidogo. Alitoka akiimba.

"Wewe umeelewa," daktari akasema mlango ulipofungwa.

Nilikuwa nimeelewa. Kumi na nne hizo ni za nyuma. Kama mbili za kwanza zilikuwa safi, basi mkono wangu umevimba bure, na ningekuwa sasa hivi dukani nikikata suruali. Kama zilikuwa na ugonjwa, basi ulifika hapo na huenda umepita, na karatasi safi iliyo mezani hainifariji kitu.

"Ni lipi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Sijui, na hatutajua. Siwezi kubahatisha na maisha yako. Nitakupeleka kwa wenzangu wa dawa za saratani zinazopitishwa mshipani, wakutibu kana kwamba zile mbili zilikuwa na ugonjwa."

Nje nilimkuta dada kwenye benchi akimpigia mtu simu kutoa ushuhuda. Nilingoja amalize. Kisha nilimweleza polepole, kwa maneno yale yale ya daktari, nikihakikisha ameelewa kila moja: kumi na nne si mbili, na hakuna mtu duniani atakayejua tena, na Jumatatu naanza dawa za miezi kadhaa kwa sababu ya kutojua huko. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ule uso uliofunguka nikauona ukijifunga. Aliuliza saa ngapi tutoke hiyo Jumatatu.

"Usije," nilimwambia. "Nakuelewa kwa habari ya mama. Nakuelewa kabisa. Lakini usije."

Jumatatu niliondoka Kitengela kabla hapajapambazuka vizuri ili nisimkute mlangoni. Kwenye kliniki ya dawa walinipima, wakanitafutia mshipa mkono wa kushoto, kwani wa kulia hautaguswa tena na sindano, na muuguzi akaanza kujaza fomu. Umri. Uzito. Mzio. Akafika kwenye mstari wa jina la mtu wangu wa karibu, yule anayeweza kuitwa lolote likitokea.

"Umesindikizwa na nani, mama?"

"Sina mtu," nikasema.

Muuguzi aliinua macho kutoka kwenye fomu, akatazama nyuma yangu, nami nikageuka. Mlango ulikuwa wazi. Dada alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, hatua tatu kutoka nilipokuwa, amepakata chupa ya uji iliyofungwa kwa leso, na alikuwa amenisikia.